Ile Mashine Moja Niliyomnyima Twiga

Jumatatu, 2 Machi

Makomredi! Wenzangu wa jasho na tope! — Naandika hivi kwa mazoea. Katika daftari hili hadhira ni mimi peke yangu. Lakini leo acha nijihutubie. Tumeshinda!

Mashine zote tano za magurudumu manne zinabadilishwa. Miezi saba tumezipanda kwenye miteremko ya kituo cha utafiti cha chuo chetu, saa sita kwa siku, tukikusanya sampuli za udongo, huku tukisukuma akseleta, kile kidude cha kuongeza mafuta, kwa kidole gumba mpaka kinakufa ganzi. Juzi nilishindwa kufunga vifungo vya shati. Sasa tutaongeza mafuta kwa kuzungusha mshikio, kwa mkono mzima, kama pikipiki ya mtu yeyote mwenye akili zake. Barua ya madai niliiandika mimi. Mkuu wa kituo ameipitisha bila kusita.

Fundi wetu hakufurahi. Alitwambia pale karakanani, akifuta mikono kwa tambara: mtu akishtuka hushika kwa nguvu, akishika hiki cha kuzungusha, anaongeza mafuta bila kutaka. Kidole gumba kikishtuka huachia. Alipoona hatusikii, akaomba angalau abakize mashine moja ya kidole gumba, kwa anayeitaka.

"Mimi naitaka," akasema Twiga — msichana mrefu kuliko sisi sote, na mpole kuliko sisi sote.

Nikapanda juu ya tairi kuukuu. Nikasema umoja hauna kona ya kujibanza. Dai letu ni mashine tano, si nne na kasoro. Kisha nikatia chumvi: kidole gumba ni cha mtoto kunyonya! Karakana nzima ikaangua kicheko. Twiga naye akacheka. Akatia sahihi kukubali zote tano zibadilishwe.

Leo hata harufu ya petroli ni tamu!

Alhamisi, 5 Machi

Twiga amepinduka.

Saa nne asubuhi, mteremko wa tatu. Nilikuwa nyuma yake, hatua kama arobaini. Gurudumu la mbele likapanda jiwe. Mwili wake ukarudi nyuma. Akajishikilia asianguke — na mashine ikanguruma, ikasimama wima, ikamlalia.

Hakuna waya uliokatika. Hakuna kilichokwama. Nilikiona kiwiko cha mkono wake kikishuka na mshikio ukizunguka.

Siwezi zaidi.

Jumamosi, 7 Machi

Uti wa mgongo. Madaktari wanasema tungoje. Miguu haijibu.

Bado nausikia ule mngurumo. Mashine ilikuwa chali, magurudumu yakizunguka hewani, haizimiki, kwa sababu mkono wa Twiga ulikuwa haujaachia. Ilibidi nimfungue kidole kimoja kimoja.

Tangu hapo mkono wangu wa kulia si wangu. Nikizungusha kitasa cha mlango, kuna kitu kinanguruma nyuma ya ukuta. Nikifungua bomba, maji yanapanda sauti. Leo darasani mhadhiri alikuwa akieleza mmomonyoko wa ardhi. Mimi nikabaki kutazama wanafunzi sitini wakiandika, vidole gumba sitini vimeegemea kalamu, vitulivu, vitiifu. Nikatoka nje. Jirani yangu akanifuata, akauliza kama naumwa. Nikasema njaa.

Mimi, niliyeufundisha umati kutaja mambo kwa majina yake — nikasema njaa!

Jumatatu, 9 Machi

Hospitali. Twiga amelazwa usingizi wa dawa. Mama yake yuko kando ya kitanda, anamkanda nyayo ambazo hazihisi kitu.

"Ndiye wewe kiongozi? Karibu, mwanangu. Nyumbani ulikuwa wimbo. Kiongozi kasema hivi, kiongozi kasema vile. Nikimtuma dukani namuuliza, kiongozi ameridhia?" Akacheka peke yake. Kisha akanishukuru kwa kuwapigania watoto wa watu. Ananishukuru!

Akakikanda kisigino muda mrefu. "Hebu niambie, baba. Nani alikibadilisha hicho kidude?"

Nilikuwa na jibu zima. Lilikuwa na utangulizi, hoja na hitimisho. Nikafungua kinywa.

"Fundi, mama."

Maneno mawili. Yote mawili ya kweli! Spana ilikuwa mkononi mwake, nani atabisha? Nimesoma mantiki muhula mzima na kupata alama za juu, na sijapata kusikia uongo uliojengwa kwa ukweli mtupu namna ile.

Jumatano, 11 Machi

Mama yake Twiga amepeleka malalamiko kituoni. Ameandika alichoambiwa. Fundi amesimamishwa kazi. Ijumaa saa tatu asubuhi ataitwa mbele ya kamati ya nidhamu, na wanaoijua kamati ile wanasema harudi. Mkuu wa kituo anajitetea kwamba yeye aliidhinisha maboresho tu. Namna ya kuyafanya ilikuwa juu ya fundi. Lile onyo la karakanani halimo katika karatasi yoyote. Limo masikioni mwetu.

Katibu wa umoja wetu wa wanafunzi amechangamka ajabu. "Kiongozi, hapa tumewashika pabaya! Mabango tayari: FUNDI MZEMBE NJE. Mkutano Ijumaa hiyohiyo, saa kumi jioni. Wewe washa, sisi tutapuliza."

Nikamuuliza kama anakumbuka alichosema fundi siku ile. Akanitazama kama nimemkanyaga.

"Alisema mengi. Maneno ya fundi nani anayashika?"

Anataka pia tupige kura kuhusu mashine nne zilizobaki: kidole gumba, au kuzungusha? Eti mimi ndiye nitakayewaeleza wenzetu ipi ni salama.

Nikaenda karakanani. Fundi alikuwa akikusanya vyake ndani ya katoni.

"Karibu, mheshimiwa. Umekuja kunizika au kuniosha kwanza?"

Akanielekeza kwenye mashine moja, injini imezimwa: panda, shika. Nikapanda, nikashika. Ghafla akanisukuma kifuani. Nikajishikilia nisianguke — mkono ukazunguka mpaka mwisho.

"Umeona? Hata wewe." Hakupandisha sauti. "Ningekataa. Siku ile ningekataa. Lakini nyinyi mlikuwa mnaimba, na mkuu amepitisha, na mimi mtu mzima nikaona haya kuitwa adui wa wanafunzi."

Akaendelea kufunga katoni. Mimi nilibaki juu ya ile mashine kama sanamu, siwezi kushuka, siwezi kuachia.

Alhamisi, 12 Machi

Twiga ameamka. Sauti yake nyembamba kama uzi. Mama yake alikuwa ametoka kutafuta maji ya moto.

Nilianza: nimekuja mbele yako nikiwa na dhamira —

"Usinihutubie, kaka," akasema.

Akauliza wenzetu wamechagua ipi. Nikasema kura bado. Akafumba macho.

"Kidole gumba kinauma. Kinauma kweli, hapo hukudanganya." Akafumbua macho. "Sikuiogopa ile mashine, ujue. Niliogopa kuchekwa."

Laiti angenitukana! Tusi ningelijibu. Nimejibu wakuu wa vitivo, nimejibu polisi. Msichana aliyelala chali akiniambia kwamba hofu yake ilikuwa mimi — hilo halina jibu katika kitabu chochote nilichosoma.

Mama akarudi na chupa yake. "Kwa hiyo kesho wanamfukuza yule mtu, sivyo? Angalau hilo."

Twiga akanigeuzia macho. Alinisubiri tu, kama alivyonisubiri siku ile karakanani nilipokuwa juu ya tairi.

"Mama," nikasema, "kabla hawajamwita, njoo kituoni. Saa mbili asubuhi."

"Saa mbili kuna nini?"

"Mkutano."

Hakukuwa na mkutano wowote saa mbili! Neno lilinitoka kama jasho. Nilikuwa na ujasiri wa kutaja saa, sikuwa na ujasiri wa kutaja jambo lenyewe. Mama akaitikia: haya, mwanangu, nitakuja, nitakaa mbele nikusikie vizuri.

Nimekwenda moja kwa moja kwenye ubao wa matangazo. Saa kumi jioni ya Katibu nimeifuta kwa kiganja, nikaandika saa mbili asubuhi. Amenijia mbio, chaki bado mkononi mwangu.

"Kiongozi, umerogwa? Saa mbili nani ataamka? Na huyu msemaji wa kwanza — fundi? Fundi gani?"

"Tunaye mmoja tu."

"Na wewe utasema nini?"

Sijui. Tangu nirudi chumbani nimeandika sentensi ya kwanza mara tisa. Zote tisa zinaanza na "sisi".

Ubao unasomeka hivi: Wanafunzi wote wa kituo. Msemaji wa kwanza: fundi. Mabango yaachwe bwenini. Kesho Ijumaa, saa mbili kamili asubuhi, mbele ya karakana.