Nusu Walisema Amina

Nyumbani, nyuma ya kiwanda cha mbao,
Tarehe 9, mwezi wa sita.

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu uliyenikimbia,

Salamu kwanza, maneno baadaye. U mzima huko? Mkeo hajambo, na mtoto ameanza kutembea au bado anabebwa kama gunia? Kile kikohozi chako unakinywea dawa, au unakinyamazia kama unavyonyamazia mambo mengine? Mimi nipo. Magoti hayanipendi tena na jicho la kushoto linaona ukungu, lakini mkono huu ulioishia darasa la tatu bado unaandika. Kwa hiyo usimpe mtu akusomee. Haya ni yako.

Barua yako ilifika. Niliisoma mara mbili, mara ya pili kwa hasira. Nitakujibu, ila kwanza pokea msiba.

Bibi yako mdogo, ndugu yangu wa kunifuata, yule tuliyemwita Kiberiti kwa ajili ya ulimi wake, amefariki. Ilikuwa Jumatano asubuhi, ameketi anangoja maji yachemke. Tulimzika Jumamosi. Ulikuwa mwaka wa pili hatusemezani. Sababu unaijua, lakini umesikia upande mmoja tu, na upande huo ni wangu. Acha nikuandikie yote.

Babu yako seremala ndiye aliyetengeneza mabenchi ya kanisa, yote kumi na manane. Hayana egemeo. Alisema mtu aliyekuja kusali hana haja ya kuegemea. Kiberiti mgongo ulimuuma, akasema viletwe viti vya plastiki, mabenchi yauzwe. Mimi nikasikia ni mume wangu anayeuzwa. Kutoka hapo tukawa watu wa mabenchi na watu wa viti. Mchungaji mzee alikuwa amestaafu na kuondoka, hapakuwa na wa kutugombeza. Fundi cherehani, mkubwa wa watu wa viti, akatia kufuli mlangoni ili tusiingie mpaka tukubali viti. Sisi tukatia letu ili viti visiingie. Mlango mmoja, makufuli mawili. Wao wakawa wanasali katika chumba cha kushonea, sisi uani kwangu. Ufunguo wa kufuli letu nilikaa nao mimi.

Jumamosi walimleta Kiberiti. Fundi cherehani akafungua lake, letu likabaki. Mama yako mdogo, binti wa marehemu, akaja kwangu mbio, viatu mkononi.

"Mama mkubwa, nipe ufunguo. Mama yuko nje."

"Aje fundi mwenyewe aniombe. Yeye ndiye aliyetangulia kufunga."

"Mama mkubwa, ni mama yangu!"

"Na ni mdogo wangu. Mwambie fundi aje."

Ndivyo nilivyosema, siongezi wala sipunguzi. Alinitazama, hakulia, akarudi. Mvua ikaanza. Nikakaa kitandani nimevaa nguo za msiba, ufunguo mkononi, namngoja mtu aje kuninyenyekea. Fundi hakuja. Naye ana shingo kama yangu.

Aibu ilipozidi kiburi, nikatoka. Nilikuta wanamaliza. Jeneza limewekwa juu ya viti vinne vya plastiki mbele ya mlango, limefunikwa turubai, maji yanatiririka pembeni. Mchungaji hayupo, kwa hiyo fundi ndiye aliyeomba. Alipomaliza, nusu ya watu walisema amina. Nusu wakatazama matope. Hao wa matope ni watu wangu, mjukuu wangu. Walimnyima marehemu amina ili wanipendeze mimi.

Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana.

Jana Jumapili nilikwenda peke yangu nikatoa kufuli letu. Fundi alikuwa amelirudisha la kwake. Akapita na baiskeli, akasimama mguu mmoja chini.

"Bibi, umefungua umechelewa."

"Najua, baba."

Tangu anifahamu hajawahi kunisikia nikisema hivyo. Akakanyaga pedali, akaenda zake. Kufuli lake bado lipo.

Sasa barua yako. Pande zote mbili tulikuandikia uje utuchunge. Hilo ndilo jambo moja tulilokubaliana kwa miaka miwili. Hata Kiberiti alitia sahihi, na jina langu liko chini ya lake. Wewe ukajibu, wapatane kwanza, ndipo nije. Maneno safi, yamefuliwa na kupigwa pasi. Umeona wapi daktari akingoja wagonjwa wapone ndipo aje? Kama tungeweza kupatana wenyewe, tungekuitia nini?

Unasema huna hakika kama aliyekuita ni Mungu au ni sisi. Usinichezee. Ulikuwa na miaka kumi na mitano mchungaji mzee alipouliza nani atakwenda. Ulisimama. Mama yako akakuvuta shati, mimi nikakufinya, kaa chini unatuaibisha. Hukukaa. Ukasoma chuo cha Biblia miaka mitatu. Leo u karani wa ghala, umejificha kwenye magunia ya saruji. Utamu wake naujua. Saruji haina ulimi.

Wala sikuandikii nikiwa mtakatifu. Mimi ndiye niliyemwacha ndugu yangu kwenye mvua. Yule binti aliposimama mlangoni na viatu mkononi, nilijua Bwana anataka nifanye nini. Nilimsikia vizuri, sikuwa kiziwi. Nikamwambia angoje, fundi aje kwanza. Haya, rudi uisome barua yako, uone umemrithi nani.

Jumapili ijayo nitasimama pale mlangoni niwaambie watu wa pande zote nilichofanya, kwa kinywa changu, na nimwombe mama yako mdogo msamaha mbele yao, na fundi pia. Sijui kama watakuja. Kiberiti hatasikia, na hilo nitaingia nalo kaburini.

Mama yako mdogo hakutumi salamu, hatoki chumbani. Jirani yetu fundi viatu anakusalimu, anasema zile ndala zako bado anazo. Msalimie mkeo, mwambie asikufiche nyuma yake. Mbusu mtoto. Kaka yako dereva ukimwona, mwambie ana bibi.

Mungu aibariki nyumba yako na akulinde njiani. Na kama hutaki kuja, akunyime usingizi mpaka utake, nami nitamshukuru. Ukifika ukakuta nimeshazikwa, usianzie kwenye kaburi langu. Anzia kwa fundi cherehani.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye kuliko ninavyokugombeza.