Dirisha Jeusi la Mjukuu Wako

Mdogo wangu,

Nakusalimu, na safari hii usinijibu kwamba hujambo tu. Niambie goti limefikia wapi, na kama yule daktari bado anakupa vidonge vilevile. Mimi ni mzima, ukiacha jambo moja nitakalolisema mbele. Usiruke kurasa kulitafuta, nakujua. Na usishtuke kuona herufi za mashine. Sijaajiri karani.

Barua yako nimeipata. Umesema Jumamosi mwanao atakuja kumchukua mjukuu wako, aache kompyuta, akasimame dukani kwake huyo mjomba wake auze misumari. Umesema umekata shauri kwa sababu ya yale niliyokuandikia kuhusu gauni la bibi harusi, na kwamba hiyo ofisi iliyomwita Jumatatu akawaonyeshe kazi yake, wakiipenda wamwajiri, ni hadithi za kujinasua. Halafu umeniuliza hicho anachokitengeneza ni kitu gani hasa, hata msichana wa miaka ishirini na minne, mwenye akili na miguu, akae chumbani kwangu mwaka mzima. Nakujibu.

Ni dirisha jeusi. Basi. Unafungua kompyuta, linatokea dirisha jeusi lisilo na picha wala kitu cha kubofya, unaandika amri, na kompyuta inatii au inakukatalia kwa maneno mafupi kama karani aliyenyimwa likizo. Wenyewe wanaliita terminali. Nilimuuliza kama ndiye wa kwanza kulibuni. Akasema hapana, kila kompyuta inatoka kiwandani nalo. Nikamuuliza, kwa jina la utani nililompa, sasa wewe Injinia unashona nini? Akasema anashona lake, kwa vitu vilevile wanavyotengenezea kurasa za mtandao.

Nikaweka mkasi chini ili anieleze vizuri, na afadhali ningeendelea kukata tu. Kumbe ili dirisha hilo lifunguke, amelifungashia ndani kivinjari kizima, mtambo wote wa kuonyesha picha na video na matangazo, uje uonyeshe maandishi tu. Huko ni kuvaa shela kwenda kufagia uwanja. Kompyuta yenyewe inajua imeonewa, maana akilifungua tu, feni inavuma kuliko cherehani iliyokosa mafuta. Nilimwambia hivyo. Akaniambia, kwa ile sauti yake ya kuelimisha wajinga, kwamba kwa njia hii anakata kitambaa mara moja na kompyuta za aina tatu zinavaa. Nikamwambia nguo ya kuvaliwa na watu watatu mimi naiita turubai.

Ana mwenzake mmoja, kijana wa ndevu, anayekuja kukalia kiti cha wateja wangu na kusifia. Kila kitu kwake ni cha ajabu. Mchana mmoja niliwaona wamekaa saa nzima wakichagua weusi gani uwe nyuma ya herufi. Weusi, mdogo wangu. Walikuwa na weusi wa aina kumi na moja, wameupanga kama vitambaa dukani, wananiuliza na mimi niseme upi. Nilimuuliza yule wa ndevu kama mama yake anajua anakoshinda. Hakurudi wiki mbili.

Siku nyingine Injinia akanikalisha mbele ya hicho kitu nikijaribu. Shule yangu unaijua, niliondoka na kusoma na kuhesabu tu, lakini vidole vyangu vimekaa na cherehani miaka arobaini na mitatu. Nikibonyeza, herufi inachelewa. Kidogo mno, kama mkanda uliolegea: mguu umeshakanyaga, sindano bado inafikiria. Nikamwambia. Akabisha kwamba hakuna binadamu anayeweza kuhisi muda mdogo kiasi hicho. Nikabonyeza tena, nikamwambia binadamu ndiye huyu. Alipopima akakuta kweli: kila ninapoandika herufi moja, programu yake inachora upya skrini nzima, mstari kwa mstari, kuanzia juu. Nikamuuliza nani alimfundisha kufumua gauni zima kwa sababu ya pindo. Baada ya siku tatu akanikalisha tena, na herufi ikaja pamoja na kidole. Sikumsifu. Nilimwambia chai yake imepoa.

Halafu, bila kuombwa, akaingiza humo vipimo vya wateja wangu wote. Naandika neno vipimo na jina la mteja, namba zinakuja. Nilimwambia daftari langu lilikuwa likifanya kazi hiyo kabla mama yake hajaota meno.

Sasa hilo gauni. Nilikuandikia kwamba mashine yake ilitoa namba ya uongo, nikakata kifua kikawa chembamba, na yule mwalimu wa chekechea akasimama mbele ya kioo changu, zimebaki siku nne aolewe, gauni halifungi mgongoni. Nilikuandikia kwamba nilimkemea mjukuu wako mbele ya mteja na mama yake. Yote hayo yalitokea, isipokuwa la kwanza.

Mashine haikutoa namba yoyote, kwa sababu sikuiuliza. Nilifungua daftari langu nikasoma themanini na nane, pale nilipoandika tisini na nane kwa mkono wangu mwenyewe. Macho yangu yamekwisha, mdogo wangu. Tangu mwaka juzi. Chaki siioni juu ya kitambaa cheupe. Uzi natungiwa na yeye kila asubuhi, sindano kumi kwa mpigo, anazichomeka kwenye kimto changu cha sindano, na hajawahi kuniuliza kwa nini. Wateja hawajui. Wewe hukujua. Siku ile mama wa bibi harusi alikuwa ananikodolea macho, mdomo wangu ukatafuta wa kumtupia, ukampata aliye karibu.

Alifungua dirisha lake jeusi. Nikaiona tisini na nane kabla hajaifunika, maana herufi za humo amezifanya kubwa kama kifungo cha koti, za njano, na ndiyo maandishi pekee ninayoyasoma siku hizi bila kukunja uso. Ule weusi walikuwa wananichagulia mimi. Akafunga kompyuta, akamwambia mteja samahani, amekosea yeye. Siku mbili tukakaa tukiongeza kitambaa ubavuni, na mwalimu akaolewa akiwa amelivaa.

Nami nikaenda kukuandikia wewe ile barua. Kwa kalamu, kwa kubahatisha mistari.

Hii ya leo naiandika humo dirishani, kwa vidole viwili. Bado nasema kubeba kivinjari kizima kwa kazi hii ni upuuzi, na feni inavuma sasa hivi kiasi cha kuniumiza kichwa. Lakini ukimchukua Jumamosi, umemchukua kwa uongo wangu. Mwambie mwanao abaki na misumari yake. Akishikilia kuja, alete ile suruali ya kupunguzwa, na kipimo atasomewa na mjukuu wako.

Nisalimie shemeji, umwambie aache kukaa kibarazani bila sweta. Wasalimie majirani wanaonikumbuka kwa wema; wengine waache.

Ni mimi dada yako,
Fundi

Na wewe Injinia, najua unasoma, maana mashine ya kutolea karatasi siijui na barua hii lazima ipite mikononi mwako. Kukwambia usoni nimeshindwa wiki tatu. Ichape kama ilivyo, usiondoe neno. Kisha njoo unitungie sindano, na Jumatatu uvae lile gauni la bluu. Nililikata kwa namba zako.