Ubavu Usioonekana

Lodwar, Jumapili jioni, 1976

Mvua imekuja ikaondoka, na wewe Akiru, binti yangu, bado uko Kakuma kana kwamba barabara imeliwa na fisi. Basi nakusemea humu, kwa herufi hizi zangu za ngumbaru.

Mke wa kaka yako amepika tena nyama ya kusaga. Kwetu mtu hujua heshima yake kwa kipande anachopewa. Nyama ikisagwa haina ubavu wala paja. Nikasema moyoni, huyu msichana wa Kitale ananilia fungu langu.

Nikakaa karibu na jiko nimchunge. Akakaanga nyama na kitunguu, akatia nyanya, maji, mwisho tambi.

"Ubavu wangu uko wapi?"

"Uko humo ndani, mama."

"Ndani ya minyoo hii?"

Akacheka, mtoto huyu! Akanionyesha mifupa ya ubavu, mitupu, imekwanguliwa kwa kisu. "Nyama yake yote iko kwa bakuli lako. Sisi tumekula shingo. Nimesaga ndiyo usiumie."

Nilimaliza mabakuli mawili. Supu nzito, tamu.

Lakini alijuaje? Magego yangu yameisha, na nyama nisiyoweza kutafuna huwa naificha shavuni, nampelekea mbwa. Nilimwambia mtu mmoja tu. Kumbe nafasi ya kuja huna, ila ya kumtumia mke wa kaka yako maneno unayo!

Ukija, usianzie jikoni kwake. Njoo kwangu, ufunge mlango, uniambie ni nini kingine umemwambia.