Ukimya Usiovuka Nusu Dakika

Mwanangu Zuhura,

Kosa la wengi ni kudhani kwamba rand(), ile amri ya kuiomba kompyuta namba ya kubahatisha, itawapa namba kubwa kadiri wanavyotaka. Nasi tulilifanya, tena kwa uhakika kabisa.

Unakumbuka tulivyokaa hapa Rutamba, wewe na kompyuta yako, mimi na waya zangu, tukitengeneza kifaa cha kuamia ndege mpungani? Mama yako alikuwa amechoka kupiga debe mchana kutwa. Ukamrekodi akiwafukuza: "Haya, nendeni kwa mjumbe, huko ndiko kuna ghala!" Akacheka, na kicheko ukakiacha humo humo. Tulitaka spika inyamaze kwa muda usiotabirika, hadi dakika kumi, ndege wasije wakazoea. Tulipojaribu kwenye kompyuta yako, ilikuwa sawa.

Sasa mama yako ametangulia, nawe uko kazini Mbeya. Nashinda kibandani peke yangu, yeye spikani anafukuza ndege. Juzi jirani yetu Bi Somoe alisimama akasikiliza, kisha akaniambia, "Mwalimu, hawa hawamkimbii tena. Wanamwamkia." Kweli, wanainua vichwa tu, wanaendelea kula. Na mpunga ndio kwanza unatia maziwa.

Nikapima ule ukimya kwa saa. Hauvuki nusu dakika na ushei. Tulihesabu muda kwa milisekunde, na dakika kumi ni 600000. rand() ya kompyuta yako inapita bilioni mbili. Ya chipu ya kifaa chetu inaishia 32767, kwa sababu kanuni za lugha ya C hazimdai mtengeneza maktaba ya programu zaidi ya hapo. Kikomo hicho kina jina, RAND_MAX. Hatukukiuliza.

Dawa yake nyepesi. Iite rand() mara mbili, ukiweka jibu katika aina ya long, inayobeba namba kubwa: la kwanza lisogeze kushoto biti kumi na tano, la pili lijaze nafasi iliyoachwa, kisha gawanya kwa 600000 kama zamani, uchukue baki. Kuandika hakukunishinda. Kilichonishinda ni kuipakia kwenye kifaa, maana nimezoea kumsikia mama yako kila mara, na dakika kumi ni ndefu sana kwa mtu aliye peke yake.

Leo asubuhi nimeipakia. Akanyamaza, akanyamaza, hata nikadhani nimeharibu. Aliposema, ndege wote waliruka. Mimi pia nilishtuka.

Mungu akulinde, mwanangu. Leo ukitoka kazini, jirekodi ukifukuza ndege, unitumie.

Baba yako