Mzee Salvatori na bunduki za Wamarekani

Kaka Deo,

Shikamoo kutoka kwenye baridi ya Stockholm. Huku jua linazama kabla hujamaliza kuosha vyombo vya mchana, na viatu vinaachwa mlangoni kama msikitini.

Jana baada ya ibada tulialikwa Märsta, mji mdogo nje ya Stockholm, kwa Mzee Salvatori, Mrundi mpole aliyekimbia vita, mtu ambaye hata chai anaiombea. Tukiwa kwenye maharage na ndizi, televisheni ikaonyesha Wamarekani wakibishana kuhusu bunduki. Nikasema watu wale wamerukwa na akili, wanaziweka nyumbani kama sufuria. Nilidhani tutacheka wote.

Mzee akaweka kijiko chini. "Wako sawa, mama. Baba yangu angekuwa na bunduki siku ile, leo ningekuwa naye."

Kaka, nikainamia sahani yangu. Mkewe ndiye aliyemjibu, huku akiniongezea maharage, bila kupandisha sauti: "Na jirani je? Si naye angekuwa nayo."

Ndipo nikaelewa kwamba aliyemuua baba yake alikuwa jirani. Mzee alivuta sahani yake akaendelea kula.

Tangu jana nakuwaza wewe na ile bunduki ya kulinda duka, unayohangaika kuitafutia kibali. Mungu akutunze, kaka yangu. Nisalimie wa nyumbani, na majirani wote, hata yule mnayenuniana naye kwa sababu ya mbuzi. Yeye umsalimie kwanza.

Dada yako,
Jenoveva