Aliyeketi na Aliyeshika Mwavuli

Shangazi, shikamoo.

Huku hatujambo, ila paa la jikoni bado linavuja.

Ninachora kwa mkaa, nikiiga picha ya enzi za ukoloni: Mzungu ameketi, na nyuma yake mtu wetu amemshikia mwavuli. Uso wa mshika mwavuli ulikuwa umefifia, nikampa sura ya marehemu baba. Wa Mzungu niliunakili vilevile ulivyo.

Jana mama aliingia, akaitazama, akamwonyesha Mzungu kwa kidole. "Mbona baba yako umemfanya Mzungu?"

Nikacheka. Yeye hakucheka, akaenda kuanua nguo.

Tangu asubuhi nayatazama yale masikio ya Mzungu, kisha nayashika yangu. Shangazi, wewe na baba ni tumbo moja. Raba ninayo mkononi. Nimfute nani?

Mwanao,
mchafua kuta