Hasikii, Usibishane Naye

Jumatatu, 3 Machi

Wiki imeanza na mama mkwe, kama kawaida. Yeye yuko masjala, mimi kompyuta, shirika moja; kapiga simu kitengoni kwetu hata chai sijanywa. Paswedi imekataa. Nikamwambia herufi ya kwanza iwe kubwa. Kaandika ndogo. Nikarudia. Kaandika neno jingine kabisa! Halafu namsikia anawaambia makarani wake kule masjala, "Huyu mkwe wangu anameza maneno." Mimi nameza maneno? Ninayameza mengi, lakini si hayo.

Na asubuhi nyumbani, shikamoo yangu ilianguka chini pale mlangoni mwa jikoni. Hakuiokota. Mume wangu anasema nisiwe mwepesi wa kununa, mama ndivyo alivyo. Ndivyo alivyo. Tangu nimeolewa, ndivyo alivyo.

Mchana Fundi Simu — yule mgeni aliyeletwa kufunga simu mpya za mezani — akaniuliza, yule Mama Masjala ana nini? Unamweleza hili, anajibu lile. Nikacheka. Nikafungua dirisha langu jeusi kwenye kompyuta, maana mimi kazi zangu nazifanya kwa kuandika amri, kubofyabofya kunanichosha. Nikamwonyesha saraka yetu. Kila kitu kimo humo, watu na vifaa, na kila kimoja kina sifa zake: jina, cheo, chumba. Na kuna sehemu ya maelezo, ambayo hakuna anayeisoma ila sisi. Printa ya ghorofa ya pili nimeiandikia: Inakula karatasi, ipige ubavuni. Chumba cha mikutano: Feni mbovu, usiwaweke wageni.

Basi nikaandika amri nyingine, mstari mmoja, kwenye akaunti ya mama mkwe. Maelezo: Hasikii. Usibishane naye.

Ikapita. Fundi akacheka mpaka akashika meza. Nikajisikia raha — raha kweli, kama mtu aliyevua kiatu kinachobana.

Jumatano, 5 Machi

Bosi anataka mtu akipigiwa simu, kioo kionyeshe jina la anayepiga na kazi yake. Leo leo!

Tatizo — sehemu ya cheo ni tupu kwa nusu ya wafanyakazi. Walionitangulia walikuwa wanaandika kazi ya mtu kwenye maelezo. "Dereva." "Karani wa bili." Kuhamisha moja moja ni kazi ya wiki. Nikapita njia ya mkato: nikaziamuru simu zisome maelezo. Amri moja, saraka nzima. Mistari ikateremka kama mvua, hakuna kosa hata moja.

Bosi kanisifu mbele ya watu. Nimerudi nyumbani shingo imenyooka.

Alhamisi, 6 Machi

Sijui niandikeje.

Dada wa mapokezi kaja mezani kwangu kuomba waya. Akasema, mmefanya vizuri kutuandikia habari ya Mama Masjala, sasa akinipigia napaza sauti na kusema polepole. "Masikini, kumbe hasikii!"

Nilisahau! Nilisahau kabisa niliandika nini. Toka jana, kila aliyepigiwa simu na mama mkwe ameliona. Jengo zima. Isipokuwa yeye — maana simu yako haikuonyeshi wewe mwenyewe.

Nikaandika amri mbio, nikakosea jina lake mara mbili. Maelezo: Mkuu wa Masjala. Haya. Lakini simu nyingine zimeshika yale ya zamani, mpaka Fundi azizime na kuziwasha. Nikamfuata. Hakucheka safari hii. Akachukua ngazi yake akaenda.

Jambo moja nitaliandika hapa kwa sababu siwezi kulisema popote. Dada wa mapokezi aliposema "masikini", nilishusha pumzi. Nilifurahi! Mimi niliandika hasikii kwa maana ya kichwa kigumu. Wao wamesoma hasikii kwa maana ya masikio. Nikasema moyoni, Mungu ni mwema, nimepona.

Ijumaa, 7 Machi

Sijapona. Afisa utumishi naye alipigiwa simu na mama mkwe kabla sijayafuta yale maneno. Akasoma. Kwake yeye kilichoandikwa kwenye mtambo kimetoka kwa daktari. Akamwita ofisini, akamwonyesha yote yaliyoandikwa, akampa barua ya kwenda kupimwa masikio Jumatatu.

Mama amerudi, ameingia chumbani kwake na viatu. Chakula hajagusa. Mume wangu anazunguka sebuleni kama simba wa kufungiwa: ni nani huyo aliyemtangaza mama yangu kiziwi? Akanigeukia. "Si wewe ndiye unayeangalia mambo hayo?" Nikasema nitafuatilia.

Nitafuatilia!

Jumamosi, 8 Machi

Mama alikuwa uani, anafua. Nikasimama nyuma yake. "Mama." Kimya. "Mama!" Kimya. Nikachukua mfuniko wa sufuria, nikauangusha kwenye saruji. Paka aliruka ukuta. Mama aliendelea kukamua shati.

Nikapita upande wa kulia, karibu. "Mama." Akageuka, akatabasamu. "Umeamka, mwanangu?"

Nikarudi ndani nikakaa kitandani. Zile shikamoo zote. Jikoni mlango uko kushoto kwake. Na simu ya ofisini anaishika kwa mkono wa kushoto, ili wa kulia uandike. Kwa hiyo kila nilipomwambia herufi kubwa, nilikuwa nalimwagia jiwe maji. Na mimi kila siku naenda kulala nimevimba, naihesabu dharau ambayo haikuwepo.

Nimemwandika mama wa mume wangu kama nilivyoiandika printa.

Jumatatu, 10 Machi

Kapimwa. La kushoto limekufa. La kulia limebaki nusu. Daktari kamuuliza, tangu lini? Kasema, zamani. Alikuwa anasoma midomo ya watu. Hata mwanawe hakujua.

Afisa utumishi anasema kwa upole — upole wenyewe unatisha — kwamba masjala inahitaji mtu anayesikia simu. Labda stoo. Labda apumzike mapema, amelitumikia shirika vya kutosha. Yule mama anayelijua kila faili kwa rangi ya uzi wake.

Fundi Simu tulikutana kwenye ngazi. Akasema, "Mimi sitasema, dada. Lakini usinionyeshe tena kitu cha kuchekesha."

Jumanne, 11 Machi

Jioni hii. Naandika haraka.

Nilikuwa sebuleni na kompyuta. Mama kaja na kigoda, kakiweka mbele yangu, karibu, kakaa tukawa uso kwa uso. Sasa hajifichi tena, ananitazama mdomo.

Akasema, "Mwanangu, wewe ndiye mwenye kujua mitambo. Nani aliniandika?"

Nikasema mtambo haukumbuki. Uongo. Unakumbuka kila kitu — siku, saa, na jina langu.

Akatikisa kichwa taratibu. "Mimi nilijificha vizuri. Hata baba yenu alikufa hajui. Huyu aliyeandika amenitazama muda mrefu, ni mtu wa karibu. Na wala simwombei mabaya. Nataka kujua kitu kimoja tu, alinionea huruma au ananichukia? Kwa maana lile neno la pili — nisibishiwe — nimelifikiria sana. Linaweza kuwa la huruma."

Nililia. Sikuweza kumtazama. Nikafunika uso kwa viganja nikasema, "Ni mimi, Mama."

Nikahisi vidole vyake, bado vina harufu ya sabuni, vinanishika mkono.

"Toa mkono mdomoni, mwanangu. Sijaona ulichosema."

Nikasimama. Nikasema naenda kuchukua chaja. Chaja! Sasa niko chumbani, nimekaa sakafuni, mgongo kwenye mlango. Mume wangu yuko barazani na kaka yake, madirisha yote yako wazi. Taa ya sebuleni imezimika sasa hivi, umeme umekatika mtaa mzima, naandika kwa mwanga wa simu, na gizani Mama hawezi kusoma midomo. Kumwambia ni lazima nimfuate upande wa kulia na nipige kelele.

Anapapasa ukuta wa korido. Ananiita. Hajui anaita kwa sauti kubwa kiasi gani — kule barazani wamenyamaza, wanasikiliza.